Wasichana ‘walioozwa’ miungu na mzigo wa tabaka India

MSICHANA alivishwa shanga nyekundu na nyeupe shingoni, na tangu siku hiyo akahesabiwa kuwa mke wa mungu. Hakuruhusiwa kuolewa na mwanamume yeyote, wala hangeitwa mjane, kwa kuwa mumewe hafi. Hiyo ndiyo desturi ya devadasi, yaani mtumishi wa kike wa mungu, iliyodumu karne nyingi kusini mwa India.

Zamani cheo hicho kilikuwa na heshima. Maandishi yaliyochongwa katika hekalu kuu la Thanjavur, mwanzoni mwa karne ya 11, yanawataja wanawake 400 waliopewa makao na posho ya nafaka kwa utumishi wao. Baadhi ya devadasi walimiliki ardhi, na wao ndio waliohifadhi ngoma ambayo leo huitwa Bharatanatyam.

Hali ilikuwa tofauti Saundatti, katika jimbo la Karnataka, kwenye hekalu la mungu wa kike Yellamma. Huko wengi waliotolewa walikuwa Wadalit, jamii zilizobaguliwa kwa madai kuwa ni najisi. Mzazi asiye na mwana wa kiume alimtoa binti ili arithi na kumtunza uzeeni kama mwana. Mwingine alitimiza nadhiri baada ya maradhi. Msichana alipobaleghe alikabidhiwa mwanamume, mara nyingi wa tabaka la juu, ambaye hakubanwa na ndoa wala malezi. Tabaka lililomkataza mwanamume huyo kunywa maji nyumbani kwa wazazi wa msichana halikumkataza kumchukua binti yao.

Daktari Muthulakshmi Reddy, ambaye mamake alitoka katika jamii ya devadasi, aliingia Baraza la Kutunga Sheria la Madras mwaka wa 1927 na kuivalia njuga desturi hiyo. Baadhi ya devadasi walimpinga, wakihofia kupoteza ardhi na sanaa yao. Sheria ya Madras ilipitishwa mwaka wa 1947, na ya Karnataka mwaka wa 1982.

Hata hivyo, marufuku hayo hayakuing’oa mizizi. Sherehe zilihama hekaluni zikafanywa kwa siri, kwani sheria ilimwadhibu mzazi aliyemtoa mwanawe bila kumpa shamba, wala kumwondolea unyonge wa tabaka uliomsukuma kumtoa.