Mkwaruzo Usilipwe kwa Bei ya Bampa Jipya

Madereva wa mashamba na viwanda wanatuletea malalamiko yale yale mara kwa mara. Gari limegusa nguzo ya lango au ukuta wa ghala, plastiki nyeusi ya bampa au ile ya juu ya gurudumu imepata alama nyeupe, na mwisho wa mwezi dereva anakuta amekatwa mshahara kwa bei ya kifaa kipya. Kifaa chenyewe mara nyingi hakinunuliwi. Gari linaendelea kutembea na alama yake, na fedha za dereva zimekwenda.

Tumeona inafaa tuieleze kazi hii ya kurekebisha plastiki, maana asiyeijua kazi hawezi kubishana na mwenye hesabu.

Kwanza tutazame alama yenyewe. Nyingi zinazoitwa mikwaruzo si mikwaruzo hata kidogo. Ni chokaa au rangi ya ukuta iliyobaki juu ya plastiki. Pitisha ukucha. Usipokwama, osha kwa maji na sabuni, kisha tia spiriti kwenye kitambaa safi usugue polepole. Alama ya namna hiyo huondoka bila kununua kifaa chochote.

Ukucha ukikwama, basi plastiki imechubuka. Weupe unaoonekana ni vipande vidogo vya plastiki vilivyoinuka. Fundi huvikata kwa wembe mkali, kisha hupitisha mashine ya kupuliza hewa moto ili uso ulale tena na weusi urudi. Mashine hiyo lazima itembezwe wakati wote. Plastiki inayotumika sana katika sehemu hizi ni polipropilini, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi za joto, hali mashine inaweza kutoa zaidi ya nyuzi 500. Fundi akiituliza mahali pamoja kidogo tu bampa hupinda, na hapo kweli litatakiwa jipya.

Pale plastiki ilipotengenezwa na vinundu vidogo kama ngozi, msasa haufai. Utaondoa alama na vinundu pamoja, na kiraka laini kitaonekana kutoka mbali. Msasa ni wa bampa lililopakwa rangi.

Kama itabidi kupaka rangi, fundi ajue kwanza ni plastiki gani. Jina huandikwa upande wa ndani: PP ni polipropilini, ABS ni nyingine. Maandishi yakiwa yamefutika, kata kipande kidogo mahali pasipoonekana ukitie majini. Polipropilini tupu huelea, ABS huzama. (Iliyochanganywa unga mwingi wa madini inaweza kuzama pia, kwa hiyo maandishi ndiyo shahidi bora.) Tunalisema hili kwa sababu rangi ya kawaida haishiki kwenye polipropilini, hubanduka kama ganda la kitunguu, isipokuwa imetanguliwa na praima ya plastiki.

Wapo wanaopaka oili chafu ya injini ili plastiki iwe nyeusi. Tunasema wazi: acheni. Hukusanya vumbi, huzuia praima kushika, na oili iliyokwisha kutumika ina sumu ziwezazo kuleta saratani ya ngozi kwa anayeishika siku zote kwa mikono mitupu.

Tena yuko mpiga rangi, ambaye hakuna anayemtaja dereva na meneja wanapogombana. Rangi nyingi za magari zinazochanganywa na dawa ya kuzigandisha zina isosianeti, na hizo huleta pumu. Aliyekwisha kuipata pumu hiyo huweza kubanwa kifua kwa mvuke kidogo mno. Kitambaa puani hakizuii kitu. Kinachotakiwa ni kinyago kinacholetewa hewa safi kwa mpira, na wa kukinunua ni mwajiri.

Kuhusu makato, Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mshahara ukatwe tu kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi, na mfanyakazi ajulishwe masharti hayo. Neno la meneja mdomoni halimo katika orodha hiyo.

Katika shamba moja la chai mwenzetu alikatwa miezi miwili mfululizo kwa alama ya ubavuni mwa pikapu. Tulikwenda pamoja na fundi wa karakana, tukapitisha ukucha, na spiriti ikaiondoa alama mbele ya mhasibu. Fedha za mwezi mmoja zimerudishwa. Za mwezi wa pili tungali tunazidai. Tangu siku ile mlinzi wa lango huandika hali ya kila plastiki gari linapotoka na linaporudi, na dereva hutia sahihi mara zote mbili.