Kutafuta Hitilafu katika Mtambo wa Redio wa Valvu

Valvu ni chombo kilichoondolewa hewa ndani yake. Kathodi ikipashwa joto hutoa elektroni, anodi yenye volti chanya huzivuta, na gridi iliyo kati yao hudhibiti wingi wa elektroni zinazopita. Ukishika mambo hayo matatu, unaweza kueleza karibu kila hitilafu ya mtambo wa zamani wa kurushia mawimbi.

Chukua mfano wa Heathkit AT-1, mtambo wa Marekani wa miaka ya 1950. Wanaredio wa ridhaa waliununua ukiwa vipande na kuuunganisha wenyewe nyumbani. Una valvu tatu tu. 5U4 hugeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu. 6AG7 ni osileta: huzalisha mitetemo inayoongozwa na kristali. 6L6 hukuza nguvu ya mitetemo hiyo na kuipeleka kwenye antena. (Uliundwa kwa umeme wa Marekani. Ukiuchomeka moja kwa moja kwenye 230 V za kwetu, utaongeza hitilafu badala ya kuipata.)

Usalama kwanza. Kuchomoa plagi hakutoshi, kwa sababu kapasita za kuchuja hubaki na chaji. Tuseme C = 16 μF na V = 400 V:

Nishati = ½CV² = ½ × 16 × 10⁻⁶ × 400² = 1.28 J

Rezista ya kumwaga chaji ya 50 kΩ ina RC = 0.8 s, hivyo baada ya sekunde 4 (yaani 5RC) volti hushuka hadi chini ya 3 V. Lakini rezista hiyo ikiwa imekatika, 400 V zinaweza kukusubiri kwa muda mrefu. Kwa hiyo pima kwa voltimita kila mara kabla ya kugusa. Unapopima mtambo ukiwa umewashwa, mkono mmoja ukae mfukoni ili mkondo usipate njia ya kupita kifuani.

Anza na kinachoonekana. Valvu isiyopata joto huenda waya wake wa kupashia umekatika, au pini zake zina kutu. Zima, chomoa valvu, pima ukinzani wa waya huo. 6L6 hutumia 6.3 V na 0.9 A, yaani 7 Ω ikiwa moto. Ikiwa baridi utasoma kidogo zaidi ya 1 Ω au 2 Ω hivi, na hiyo si hitilafu: ukinzani wa metali huongezeka kadiri joto linavyopanda. Ukisoma ukinzani usio na kikomo, waya umekatika.

Mlio wenye mngurumo huelekeza kwenye kapasita za kuchuja zilizokauka kwa uzee.

Sasa hitilafu inayowapotosha wengi: 6L6 inapata moto kupita kiasi, na ikiwa ya kioo anodi yake huonekana nyekundu. Wengi huinunulia badala yake, na mpya nayo huungua. Katika mitambo mingi ya aina hii, volti hasi ya gridi hutokana na mitetemo yenyewe inayotoka kwenye osileta. Osileta ikinyamaza, gridi hukosa volti hasi, elektroni hupita bila kizuizi, na anodi huumia kwa kosa la jirani yake.

Bonyeza kibonyezo cha Morse kwa muda mfupi na upime volti ya gridi ya 6L6. Ikiwa hasi, osileta inafanya kazi. Ikiwa karibu na sifuri, kagua kristali na 6AG7. Ikiwa chanya, shuku kapasita inayounganisha valvu hizo mbili: inavuja, na volti ya anodi ya 6AG7 inafika kwenye gridi.

Swali. Gridi ya 6L6 ina volti hasi ya kutosha, lakini mkondo wa anodi ni mkubwa na haupungui hata ukizungusha kapasita ya kupatanisha. Hitilafu iko wapi?

Jibu. Iko kwenye sakiti ya LC ya anodi. Sakiti sambamba ya LC ina impedansi kubwa kabisa inapofikia mwangwi, f = 1/(2π√LC), hivyo mkondo wa anodi ulipaswa kushuka ghafla mahali fulani. Usiposhuka, kagua kama koili ni ya bendi nyingine, imekatika, au bamba za kapasita zimegusana.