Nafasi badala ya muda: jinsi ogani zenye afya zinavyohifadhiwa katika tiba ya mionzi ya stereotaksia

Katika mazungumzo ya kila siku, mgonjwa wa saratani aliyetibiwa kwa mionzi husemwa kwamba "amechomwa". Kitenzi hicho kina maana mbili katika lugha sanifu: kuunguza kwa moto, na kudunga kwa kitu chenye ncha, kama tusemavyo kuchoma sindano. Wengi huifikiria ile ya kwanza tu, ndiyo maana jamaa za mgonjwa huogopa kwamba moto huo utateketeza kila kilicho njiani. Makala haya yanakusudia kueleza aina moja ya tiba hiyo, iitwayo stereotaksia, ambayo hukaribia zaidi maana ya pili, na hasa kuonyesha kwa njia gani waganga wanazinusuru ogani zilizo jirani na uvimbe.

Neno ogani tumelichagua kwa makusudi. Kiungo ni neno zuri, lakini laweza kuwa goti, laweza kuwa mkono, laweza hata kuwa bizari ya mchuzi. Hapa tunasema juu ya ini, pafu, umio na ugwe upitao ndani ya uti wa mgongo. Ogani, neno la vitabu vya biolojia, halitatupoteza.

Tuanze na tiba ya mionzi ya kawaida. Mionzi haichagui: hujeruhi seli za saratani na seli nzima vilevile. Hata hivyo seli nzima, kwa jumla, hujitengeneza vizuri zaidi baada ya kujeruhiwa kidogo. Kwa sababu hiyo waganga waliigawa dozi katika vikao vingi vidogovidogo. Mathalani, uvimbe wa pafu hupewa jumla ya grei 60 (grei ni kipimo cha nishati ya mionzi inayonywewa na mwili) katika vikao 30 vya grei 2, kwa muda wa majuma sita. Kati ya kikao na kikao, ogani jirani hupata saa za kujiponya. Mlinzi wake, basi, ni muda.

Stereotaksia imemwondoa mlinzi huyo. Uvimbe mdogo wa pafu huweza kupewa grei 54 katika vikao 3 tu, yaani grei 18 kila kikao. Msomaji atasema kwamba 54 ni pungufu ya 60. Hapa hesabu ya kujumlisha hudanganya, kwani dozi kubwa ya mara moja huumiza kuliko dozi ileile iliyokatwakatwa. Ugwe wa mgongo watuonyesha jambo hilo waziwazi: huvumilia takriban grei 50 zikigawanywa kwa grei 2, lakini katika kikao kimoja mpaka wake hauzidi sana grei 14. Ukipita hapo, mgonjwa aliyeponywa uvimbe aweza kupooza miguu.

Kama muda umeondoka, ulinzi utoke wapi? Jibu ni nafasi: dozi ile kubwa ibaki ndani ya uvimbe, na ishuke ghafla milimita chache tu nje ya ukingo wake. Wazo hilo lilitolewa na Lars Leksell, mpasuaji wa ubongo wa Sweden, mwaka 1951. Alitaka kufikia vilindi vya ubongo bila kufungua fuvu. Mashine iliyozaliwa na wazo hilo mwishoni mwa miaka ya 1960 ilitumia vyanzo vingi vya kobalti vilivyopangwa kuzunguka kichwa. Katika matoleo ya baadaye idadi yake ilifika 201. Kila mwali peke yake ni dhaifu, hupita katika ubongo bila madhara makubwa. Yote hukutana katika nukta moja, na hapo ndipo nguvu ilipo. (Sisi wa Katanga tusijivunie upesi: kobalti ya migodi yetu haina mionzi hiyo. Huipata baada ya kupigwa na nyutroni katika tanuri la kinyuklia, kisha nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka mitano na kitu.) Leo mashine nyingi hutengeneza miale kwa umeme, zikizunguka mwili na kupiga kutoka pembe mbalimbali, lakini kanuni ni ileile.

Swali gumu zaidi ni la kuamua kipi kihifadhiwe na kwa kiasi gani, maana miale lazima ipite mahali. Ogani hazifanani katika kuumia. Ugwe wa mgongo, umio na utumbo ni kama mnyororo: pete moja ikikatika, mnyororo wote hauna kazi. Katika ogani hizo daktari huchunga dozi ya juu kabisa inayoangukia hata sehemu ndogo. Ini na mapafu ni kama shamba la muhogo. Matuta mawili yakiharibika, yaliyobaki yatalisha nyumba. Huko daktari huuliza ni kiasi gani kimebaki salama. Kwa ini, kanuni iliyotumika sana yataka angalau mililita 700 za ini zima zipate chini ya grei 15 kwa jumla ya vikao 3. Kwa hiyo mpango mmoja waweza kumwaga dozi ndogo katika sehemu kubwa ya pafu ili kuuokoa umio, nao ukawa mpango mzuri.

Hata pafu lenyewe si shamba tupu, na jambo hilo lilifahamika kwa gharama. Mwaka 2006 Robert Timmerman na wenzake huko Indiana, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 70 waliopewa grei 60 hadi 66 katika vikao 3. Baada ya miaka miwili, asilimia 83 ya wale wenye uvimbe pembeni mwa pafu walikuwa hawajapata madhara makali. Kwa wale ambao uvimbe ulikuwa karibu na matawi makubwa ya njia ya hewa, ni asilimia 54 tu. Matawi yale ni pete za mnyororo zilizofichika shambani. Tangu hapo eneo la sentimita 2 kuyazunguka likahesabiwa kuwa la hatari, na uvimbe uliomo humo ukaanza kupewa vikao 5 au 8 vyenye dozi ndogo zaidi. Nafasi iliposhindwa, muda uliitwa tena.

Aidha, pafu na ini havitulii. Uvimbe ulio karibu na kiwambo kitenganishacho kifua na tumbo waweza kupanda na kushuka sentimita 2 au zaidi katika pumzi moja, na kulenga kwa milimita hakuna maana juu ya shabaha inayocheza. Mgonjwa huombwa kuzuia pumzi, au tumbo lake hukandamizwa kwa ubao ili apumue kidogo, au mashine huwaka katika kipindi kimoja tu cha pumzi, au huufuata uvimbe unavyokwenda. Njia mbili za kwanza humtegemea mgonjwa mwenyewe. Asipoelewa kwa lugha yake kwa nini ashike pumzi, na kwa muda gani, usahihi wote wa mashine huishia midomoni mwa mfasiri.

Hapo mwanaisimu ana kazi. Kifaransa na Kiingereza huziita ogani hizo "zilizo hatarini", bila kusema hatari hiyo yatoka wapi, hali yatoka kwa tiba yenyewe. Sisi tungependekeza "ogani za kuhifadhiwa": mgonjwa akilisikia jina hilo atauliza mara moja ni nani atakayezihifadhi, na kwa vipi, na daktari atalazimika kumjibu.