Wadakaji Saba Wanoma Zaidi Alabama, Kutoka Chini Hadi Juu

Ubishi ya nani ndo risiva mnoma kuliko wote Alabama huwa inaharibiwa na namba. Msee anatoa simu, anacheki nani ako na yadi mob, anapanga majina, anasema imeisha. Zii manze. Namba inakuambia ni nani alirushiwa mpira mob. Haikuambii ni nani ungetaka arushiwe ka maisha ya timu iko kwa hiyo mpira moja.

Ka hii futiboli ya Wamarekani bado inakuchanganya, rada ni hii. Timu inapewa majaribio nne kusonga yadi kumi. Ikitoboa, inaanza kuhesabu upya. Isipotoboa, mpira inaenda kwa wale wengine. Kwotabeki ndo anarusha. Risiva anasimama kule kando, gemu ikianza anatoka mbio, anamhepa beki, anageuka, anadaka. Akifikisha mpira mwisho wa uwanja, hiyo ndo tachidauni. Ni ka winga wa raga ya sevens: anaeza kuwa na spidi ya kuua, lakini mbogi yake isipompitishia mpira, atashinda huko nje akihesabu mawingu. Na kochi akiwa ni wa kukimbiza mpira chini chini, risiva anageuzwa mlinzi wa njia, kazi ni kuzuia wasee ndo mwenzake apite.

Alabama, timu ya chuo kule Tuscaloosa, imepitia enzi zote, za kurusha na za kukimbiza. Tuscaloosa ni tao ya digii, na Jumamosi za msimu uwanja wa Bryant-Denny hubeba wasee zaidi ya laki moja, wote wakiitana "Roll Tide" badala ya salamu. Kuna miaka hapo mpira ilikuwa inarushwa mara kadhaa tu kwa gemu, na kuna miaka ilikuwa haishuki hewani. Ukiweka hao watu wote kwa mizani moja ya yadi, unaonea wazee bure. Mimi sheria yangu ni moja: mpira ilipomfikia na moto imewaka, nini ilibadilika? Na nahesabu mambo ya chuo pekee. Doo na pete za NFL, ile ligi ya kulipwa, zikae pembeni.

Twende.

7. David Palmer

Chali wa Birmingham, mfupi, jezi namba mbili, wakimwita The Deuce. Alikuwa kwa ile mbogi ya 1992 iliyomaliza msimu bila kuchapwa na kubeba ubingwa wa nchi. Mwaka uliofuata akadaka mpira 61, akafikisha thao moja ya yadi, na hakuna risiva wa Alabama alikuwa amewahi kufika hapo. Fikiria, timu yenye historia yote hiyo ilingoja hadi 1993. Alikuwa anarudisha mateke, na siku zingine alisimama ata mahali ya kwotabeki akarusha mwenyewe. Kura za Heisman, ile tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote Marekani, alimaliza namba tatu. Anafungua listi ju alikuwa anashikilia kazi za wasee wanne na hakuna yenye alilala nayo.

6. Jerry Jeudy

Kwa kukata kona, hakuna mwingine. Beki anaangalia kiuno, anaangalia miguu, anachagua upande, na tayari amekosea. 2018 Jeudy alipiga yadi 1,315 na tachidauni 14, akapewa Biletnikoff, tuzo ya risiva bora wa vyuo. Msimu wa 2019 alikuwa kwa timu moja na Henry Ruggs, DeVonta Smith na Jaylen Waddle. Wote wanne walikuja kuchukuliwa raundi ya kwanza ya drafti ya NFL, wawili 2020, wawili 2021. Hiyo ni kikosi moja, wasee wanne, na mpira ni moja!

Mbona si juu zaidi? Fainali ya Januari 2019 alipiga yake ya yadi 62, safi kabisa, lakini Clemson ilikuwa imeamua. Ikaisha 44-16. Alifanya yake, gemu haikugeuka.

5. Ozzie Newsome

Hapa ndo wale wa namba hupotea njia. Ozzie alidaka mpira 102 kwa miaka minne, 1974 hadi 1977. Mia moja na mbili! Siku hizi kuna msee anamaliza hiyo kwa msimu moja. Lakini cheki alikuwa wapi. Kochi alikuwa Bear Bryant, na tangu 1971 Bryant alikuwa amehamia wishbone, ile mpango ya kukimbiza mpira hadi mabeki wachoke na maisha. Risiva hapo ulikuwa unalishwa kwa kijiko.

Sa Ozzie na hicho kijiko akatoa yadi 2,070. Gawanya: ni zaidi ya yadi 20 kila akidaka. Yaani kila mara Bryant alikubali mpira irushwe, Ozzie aliirudisha ikiwa imekula moja ya tano ya uwanja hivi. Na kumbuka Wilbur Jackson, mchezaji mweusi wa kwanza kupewa skolashipu ya futiboli Alabama, alikuwa ameingia 1970 tu. Miaka minne baadaye, chali mweusi kutoka kaskazini ya hiyo hiyo Alabama anaingia na anaanza kutegemewa. Bryant mwenyewe aliwahi kumweka Ozzie juu ya wote waliowahi kucheza hiyo nafasi hapo. Mzee alikuwa na macho, lakini mimi sitafika huko, na sababu iko pale namba tatu.

4. Amari Cooper

Najua nimeanza vita. Mafans wa Amari, kaeni chini nimalize.

2014 huyu boy wa Miami alidaka mpira 124, yadi 1,727, tachidauni 16. Akawa wa kwanza Alabama kubeba Biletnikoff, na kwa Heisman akamaliza wa tatu. Auburn, majirani wenye hawapendani na Alabama ata kwa dawa, aliwapiga yadi 224 na tachidauni tatu kwa gemu iliyoisha 55-44. Na si ati alianza kuwaka akiwa mkubwa. 2012, mwaka wake wa kwanza, alidaka ile ya yadi 45 iliyoipa Alabama 32-28 dhidi ya Georgia, ikiwa fainali ya ligi yao ya SEC. Halafu fainali ya nchi dhidi ya Notre Dame, akapiga mbili. Mtoi wa mwaka wa kwanza!

Kwa nini wa nne basi? Ju 2014 ofensi nzima ilijengwa kumzunguka. Kochi wa ofensi, Lane Kiffin, aliamka akimfikiria Amari, akalala akimfikiria Amari. Mpira ikikufuata hivyo, yadi zitakuja. Nampa heshima yote, lakini hao watatu wa juu walibadilisha kitu kubwa kuliko msimu moja.

3. Don Hutson

Rudi nyuma hadi 1 Januari 1935, Rose Bowl, kule California. Alabama na Stanford. Enzi hiyo kurusha mpira ilikuwa inaonekana ka kucheza kamari, na risiva alikuwa msee wa kuzuia wasee. Dixie Howell anarusha, Hutson anadaka. Anadaka tena. Jioni ikifika ako na mpira sita, yadi 165, tachidauni mbili, na Alabama imeshinda 29-13. Weka hizo namba kwa gemu ya leo, bado ni siku poa sana. Ziweke 1935, ni maajabu.

Na sa cheki nani alikuwa anacheza upande ule mwingine wa laini siku hiyo, nafasi hiyo hiyo: Bear Bryant. Huyo huyo mzee wa wishbone. Alimwona Hutson kwa karibu kuliko mtu yeyote, na bado miaka mingi baadaye akampa Ozzie taji. Naelewa, Ozzie alikuwa kijana wake. Lakini Ozzie alikuta kazi ya risiva iko. Hutson ndo aliwaonyesha watu ati kuna kazi hapo. Ile ya kukimbia njia yenye imepangwa, kumdanganya beki, kudaka ukiwa mbio, nchi nzima ilijifunza ikimwangalia. Alipoenda Green Bay Packers alipiga tachidauni 99 za kudaka, na rekodi hiyo ikakaa hadi 1989. Hiyo ya Packers siihesabu, nimesema ya chuo pekee. Nimeitaja tu ndo ujue watu wa Tuscaloosa hawakuwa wanaota.

2. Julio Jones

Yadi zake ni 2,653 kwa miaka mitatu. Amari ako mbali mbele yake. Tachidauni 15, karibu nusu ya za Amari. Na bado nimemweka hapa, sijalewa.

2007, mwaka wa kwanza wa kochi Nick Saban, Alabama ilishinda saba na kuchapwa sita. Walichapwa ata na Louisiana-Monroe, tena nyumbani. Watu walikuwa wanauliza ka huyu Saban ni wa ukweli. Halafu Februari 2008, Julio, kijana wa Foley, katao kadogo kule chini karibu na bahari, mwenye vyuo vyote vilikuwa vinamkatia, akasema anabaki nyumbani. Akaja na kundi lenye Mark Ingram, Dont'a Hightower na Marcell Dareus. Msimu huo huo Alabama ikashinda gemu zote 12 za kawaida. Mwaka uliofuata, 14 kwa 14 na ubingwa. Yote yenye umeskia kuhusu Alabama ya Saban, mlango ilifunguliwa hapo.

Na hakuwa bango la kuita wengine tu. Novemba 2009, LSU wako mbele, robo ya mwisho, Alabama inakwama. Julio anapewa mpira fupi pale kando, ya kawaida tu, na anaondoka nayo yadi 73 hadi mwisho. Ikaisha 24-15, na ule msimu wa bila kuchapwa ukabaki hai. 2010 alivunjika mkono, akarudi uwanjani fasta, na huko Tennessee akadaka mpira 12 kwa yadi 221. Wakati mpira haikuja, alikuwa anazuia mabeki ka mtu analipwa kwa kila mmoja. Risiva mwenye jina kubwa hivyo kukubali kazi chafu, hiyo ndo ilifundisha chumba nzima tabia. Hao kina Amari na Jeudy walikuja kukuta nyumba imefagiliwa.

1. DeVonta Smith

Smitty, wa Amite, Louisiana. Mwembamba, hafiki kilo 80, na kila mwaka kulikuwa na msee wa kusema atavunjwa.

Kwanza, 8 Januari 2018. Fainali ya nchi, Georgia. Alabama ilikuwa chini 13-0 mapumziko, Saban akamtoa Jalen Hurts, akaingiza mtoi anaitwa Tua Tagovailoa. Gemu ikaenda muda wa ziada, Georgia wakatangulia kwa tatu. Jaribio la kwanza, Tua akaangushwa, wakapoteza yadi 16. Sasa ni jaribio la pili na wanahitaji yadi 26. Hapo mtu mwenye akili anatafuta yadi kumi, apige teke la kusawazisha. Tua akarusha yote. Smitty, mwaka wa kwanza, alikuwa hajadaka ata moja hiyo usiku. Akadaka hiyo. Yadi 41, 26-23, ubingwa.

Angeishia hapo, angekuwa jina la kusimuliwa tu. Lakini 2019 alipiga Ole Miss tachidauni tano kwa gemu moja. 2020 Waddle akaumia kifundo dhidi ya Tennessee, na kila beki akajua mpira inaenda wapi. Haikusaidia. Mpira 117, yadi 1,856, tachidauni 23. Januari 2021 akapewa Heisman, risiva wa kwanza tangu Desmond Howard 1991. Siku chache baadaye, fainali dhidi ya Ohio State: mpira 12, yadi 215, tachidauni tatu, yote kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili akaumia kidole akatoka, lakini hiyo gemu ilikuwa imezikwa kitambo. 52-24.

Ameshinda kwa namba na ameshinda kwa sheria yangu. Aligeuza fainali moja kwa mpira moja, na ingine kwa mpira 12. Hakuna mwingine Tuscaloosa anaeza sema hivyo.

Wenye wako nje wakibisha mlango ni wengi: Waddle, Calvin Ridley, Jameson Williams wa 2021, na Tyrone Prothro, mwenye alidaka mpira mgongoni mwa beki 2005 kabla mguu uvunjike mwaka huo huo. Halafu kuna Ryan Williams. Septemba 2024, miaka 17, Georgia wametoka chini 28-0 hadi wakapita mbele, na play inayofuata yeye anadaka, anazunguka, anakimbia, yadi 75. Alabama 41-34. Mlango ameshafungua nusu, lakini Smitty alirudia na kurudia, na huyo lazima pia arudie. Ka uko na listi ingine, leta tubishane, sina noma. Lakini ukimtoa Julio tatu bora, usinisalimie mtaani.