Kiunzi cha Kauri na Nguvu ya Sumaku (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona kwamba takribani theluthi mbili ya uzito wa mfupa ni madini ya kalsiamu na fosfati, yaitwayo haidroksiapataiti, na kwamba madini hayo yakichomwa kwa joto kali hutoa kauri ambayo mwili wa binadamu huipokea. Leo tutazame kwa nini watafiti wanaitia kauri hiyo sumaku.

Kauri hiyo huundwa iwe kiunzi chenye vitundu vingi vinavyopitana. Seli hupandwa humo zishike kuta, ziongezeke na kujenga mfupa mpya. Lakini nyingi hubaki pembezoni, penye chakula na oksijeni, na katikati pakawa patupu.

Dawa inayojaribiwa ni chembe za magnetaiti, aina ya oksidi ya chuma, zenye upana wa nanometa 10 hivi. Nanometa milioni moja hufanya milimita moja. Chembe ndogo kiasi hicho huwa sumaku zikikaribiwa na sumaku nyingine tu; ikiondolewa, hazinatani. Seli zilizozibeba huweza kuvutwa hadi ndani ya kiunzi. Tena chembe zilizotiwa katika kuta za kiunzi zikitikiswa kwa sumaku ya nje, seli huhisi msukumo, na mfupa huimarika kwa kusukumwa. Ndiyo maana mgonjwa anayelala kitandani muda mrefu hudhoofika mifupa.

Ugumu uko kwenye tanuri. Magnetaiti ikichomwa penye hewa hugeuka hematiti, na usumaku wake hupotea karibu wote. Kwa hiyo wengine huchoma kauri kwanza, kisha huilowesha katika maji yenye chembe. Mwaka 2012 watafiti wa Faenza, Italia, walionyesha njia nyingine: kuingiza chuma ndani ya haidroksiapataiti yenyewe.

Kazi hii bado iko maabara na kwa wanyama wa majaribio. Hata hivyo, Dodoma ina pa kuanzia. Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, na mwaka 2023 ikapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Katika uloto ndimo zinamopatikana pia seli shina zinazozaa mfupa. Na mifupa ya ng'ombe, ambayo ikishasafishwa na kuchomwa hutumiwa na madaktari wa meno duniani kujazia taya, haiadimiki hapa Ugogoni.

Wanakemia, wanafizikia na matabibu wa Dodoma waketi pamoja sasa, elimu hii ikiwa bado changa, tusije tukaagiza kwa bei kubwa kilichowezekana kutengenezwa hapa.