Namba 192 na Sura Zake Tano

Kompyuta haijui herufi. Inachohifadhi ni namba, na namba hizo husomeka kama maandishi pale tu panapokuwa na jedwali la kuonyesha namba ipi ni herufi ipi. Jedwali likibadilishwa, barua nzima huvurugika ingawa hakuna namba iliyoguswa. Wasomaji wa alfabeti ya Kikirili, yaani Warusi, Wabulgaria, Waserbia na wengineo, waliteseka kwa hilo miaka mingi.

ASCII, jedwali lililotoka Marekani mwaka 1963, lina nafasi 128 tu, zinazotosha herufi za Kilatini, tarakimu na alama za uandishi. Kiswahili kinaenea humo chote, ndiyo maana sisi hatukuumia. Lakini baiti moja, yaani biti nane, hubeba namba 256, na zile 128 zilizobaki kila mtu alizijaza alivyotaka.

Chukua namba 192. Katika jedwali la Windows la Kikirili, 1251, hiyo ni А kubwa. Katika KOI8-R, lililotumika sana kwa barua pepe za Warusi miaka ya 1990, ni ю ndogo. Katika ISO 8859-5 ni Р, inayotamkwa kama R yetu. Katika jedwali la 866 la DOS si herufi kabisa, bali ni kona ya kuchorea visanduku. Na kompyuta iliyopangiwa lugha za Ulaya Magharibi huonyesha À. Barua iliyofunguliwa kwa jedwali lisilo lake ilijaa takataka ambazo Warusi waliziita krakozyabry.

KOI8 ndiyo inayonivutia zaidi. Waliobuni mpangilio wake katika Umoja wa Kisovieti hawakufuata mfuatano wa alfabeti yao. Herufi nyingi za Kirusi waliziweka nafasi 128 juu ya herufi ya Kilatini yenye sauti inayokaribiana nayo, kwa sababu baadhi ya mitambo ya mawasiliano ilipitisha biti saba tu na kuidondosha ya nane. Biti hiyo ikidondoka, salamu ya Привет hufika kama pRIWET. Herufi kubwa na ndogo zimebadilishana, lakini salamu inasomeka. Huo ni uhandisi wa kupigiwa mfano.

Suluhisho la kudumu ni Unicode, lililoanza kutolewa mwaka 1991, ambalo huipa kila herufi namba yake isiyogombaniwa. А ya Kikirili ni 1040. A ya Kilatini ni 65. Mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike wakabuni UTF-8, njia ya kuziandika namba hizo kwa baiti: A yetu huchukua baiti moja, ya Kikirili huchukua mbili, 208 na 144. Kwenye SMS gharama yake ni kubwa zaidi, maana ujumbe mmoja wa Kikirili huishia herufi 70 badala ya 160.

Sura tunayoiona kwenye skrini ni kazi ya fonti. Herufi т, namba 1090, ikiandikwa kwa mlazo katika Kirusi hufanana na m, ilhali namba yake ni ileile.

Hatari iko upande wa pili: namba tofauti, sura moja. Herufi а, е, о, р, с na х za Kikirili hazitofautishiki kwa macho na za Kilatini. Mwaka 2017 mtafiti Xudong Zheng alisajili anwani ya tovuti kwa herufi za Kikirili tupu, na vivinjari vya Chrome na Firefox vikaionyesha kama apple.com. Hakuwa tapeli, alitaka kuonyesha mwanya ulipo.

Kwa hiyo, ukitumiwa kiungo kinachodai ni cha benki yako, usikibonyeze hata kama kila herufi inaonekana sawa. Andika anwani mwenyewe. Na ukiona anwani inaanza na xn--, jua ina herufi zisizomo katika ASCII ndani yake. Kama benki yako haiandiki hivyo, funga ukurasa.