Kwa Sababu Gani Pilipili Huwasha?

Wahenga walisema, "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Methali hiyo huwaonya wale wajitiao katika mambo yasiyowahusu, nayo ni ya hekima. Lakini kila mpishi aliyekata pilipili, kisha akajipangusa jicho, ajua ya kuwa pilipili asiyoila yaweza kumwasha sana. Sababu yake ni kwamba ukali wa pilipili si ladha.

Ladha hutambuliwa kinywani: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ladha nono ya mchuzi wa nyama. Mtu akijipaka sukari mkononi hahisi utamu wowote. Pilipili sivyo ilivyo. Huwasha ulimi, midomo, pua, macho, na hata ngozi. Basi kitu kihisiwacho na jicho na ngozi hakiwezi kuwa ladha. Ni maumivu, tena maumivu ya namna ya moto.

Ndani ya pilipili mna kemikali iitwayo kapsaisini. Mwilini nako, katika ncha za mishipa ya fahamu, mna vipokezi vilivyo mfano wa mabawabu mlangoni. Kazi yao ni kuuonya mwili usiungue. Joto likifika kadiri ya digrii 43 za sentigredi, bawabu hufungua mlango, na habari hupelekwa katika ubongo: "Moto!" Kapsaisini ikimgusa bawabu huyo, naye hufungua mlango vile vile, ingawa moto haupo. Ubongo haujui kwamba umedanganywa. Kwa hiyo jasho hutoka, machozi na kamasi hutiririka, wala ulimi haukuungua. Kipokezi hicho kilitambuliwa mwaka 1997 katika maabara ya Profesa David Julius wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, naye mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian.

Mtu alaye pilipili kila siku huizoea, kwa maana mabawabu wake huchoka kupiga kelele. Ndiyo sababu mgeni hulia machozi kwa chakula ambacho mwenyeji wake akila haoni taabu. Pilipili manga na tangawizi zina kemikali zao ambazo hubisha mlango ule ule. Haradali hubisha mlango mwingine, nayo hupanda puani.

Mwaka 1912 Mmarekani mmoja, Wilbur Scoville, mtaalamu wa madawa, alibuni njia ya kupima ukali huo. Alichanganya pilipili na maji ya sukari, akazidi kuongeza maji mpaka waonjaji wasihisi mwasho. Kwa kipimo chake, pilipili hoho kubwa isiyowasha ni sifuri, na kapsaisini tupu ni kama 16,000,000. Wengi hudhani kwamba ukali umo katika mbegu. Sivyo, umo zaidi katika ile nyama nyeupe ya ndani inayoshika mbegu. Atakaye kupunguza ukali na aiondoe nyama hiyo.

Mmea wafaidiwa nini na haya? Ndege hawahisi kapsaisini. Hula pilipili na kuzitawanya mbegu zikiwa nzima, lakini wanyama wenye kutafuna huzisaga. Hivyo ukali huwafukuza waharibifu na kuwaacha wapanzi. Wakulima wa Transmara, hapa Kenya, wamelitumia jambo hilo kwa kuzungushia mashamba kamba zilizopakwa grisi yenye pilipili, ili ndovu wasiingie.

Mtu akifahamu haya, yafaa pia ajue la kufanya pilipili inapozidi.

Kwanza, kinywani. Kapsaisini hupatana na mafuta, wala haipatani na maji. Anywaye maji huitawanya tu kinywa kizima. Afadhali maziwa, yawe mabichi yaliyochemshwa au ya mgando, kwa kuwa mna ndani yake mafuta na vitu vingine viiondoavyo ulimini.

Pili, mikononi. Jipake mafuta ya kupikia, ujifute, kisha unawe vizuri kwa sabuni. Usimshike mtoto mchanga kabla ya kufanya hivyo.

Tatu, machoni. Usisugue, wala usitie maziwa au mafuta. Osha jicho kwa maji safi mengi, uyaache yapite kwa muda mrefu. Maumivu yasipokoma, nenda hospitali.

Liko jambo moja zaidi. Wako wazazi wapakao pilipili kwenye ziwa ili kumwachisha mtoto kunyonya, au kwenye kidole chake ili aache kukinyonya. Na wako wamtiao mtoto pilipili machoni kuwa ni adhabu. Wafanyao hivyo huenda wakadhani kwamba wampa ladha mbaya tu. Sasa twajua kwamba kwa mwili wa mtoto ule ni moto, naye hana maneno ya kueleza jinsi aunguavyo. Kidole chenye pilipili hakikawii kufika jichoni. Mtoto na aachishwe ziwa pole pole kwa uji na vyakula laini. Pilipili ibaki jikoni, mahali asipofikia, mpaka siku atakapoiomba mwenyewe.